Matofali ya Sponji

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Ya mama nimeiweka humu humu kwenye bahasha, mwambie aitafute. Sisi wazima. Mheshimiwa ametimiza miaka mitatu na anatoa amri kama kawaida yake. Mdogo wake, Kidonge, ana mwaka na nusu, ameota meno sita na yote ameyajaribu kwenye bega langu. Baba yao yuko kazini kwake kwenye tanuri, anaoka mikate usiku kucha, asubuhi anarudi na unga hadi kwenye nyusi.

Utashangaa kupata barua. Simu imevunjika. Na televisheni nayo imefariki, siku hiyo hiyo. Baba yao alijikwaa, mguu ukaingia kwenye kioo. Jirani yetu mwalimu ameniambia nitumie simu yake, lakini ukuta wetu ni mwembamba na usingizi wa baba yao ni mwepesi. Kalamu haina sauti. Ukijibu, tumia sanduku la posta la shule ya mwalimu.

Sasa shida yangu ni hii. Yeye hulala kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na nyumba yetu ni vyumba viwili na pazia katikati. Zamani nilikuwa nawawekea katuni bila sauti, wanakodoa macho, siku inapita. Sasa nina watoto wawili, saa sita kila siku, na hakuna kioo cha kutazama. Wewe ndiye uliyekuwa bingwa wa michezo nyumbani kwetu. Nitumie michezo, dada, maana akili yangu imekauka.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ameitafuta shikamoo yake kwenye bahasha mpaka kaipasua, kisha akanilaumu mimi. Yupo, anakula, anagomba. Sikio la kushoto ndiyo basi tena, ukitaka akusikie lazima ukae kulia kwake. Karakana yangu inakwenda, nina makochi manne yanasubiri vitambaa na wateja wanne wanaosubiri kunitukana.

Nimesoma habari za televisheni mara mbili. Ile ninayoikumbuka mimi ilikuwa juu ya kabati. Shemeji amejikwaa vipi hadi mguu ukafika kifuani kwake? Siku ya harusi yenu nilimwona akicheza, mguu haukuinuka hata sentimita tano.

Haya, nimekutumia makopo manane. Ndani yake kuna punje za mahindi, mengine mchanga, mengine vifungo vya makochi. Watoto wayatikise wabahatishe kilichomo. Umri wao wanapenda kelele, na kelele ni nusu ya mchezo. Mheshimiwa mpe kopo la rangi ya kijani, ndilo lenye mdomo zaidi, wataelewana.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Tuko salama. Kidonge anatembea kwa kasi na kusimama hajui, anasimamishwa na ukuta.

Makopo yalifika, nayo yakadumu siku moja. Nilikosea mimi, niliwapa saa nne asubuhi. Baba yao alitoka nyuma ya pazia na ule ubao wake wenye mpini mrefu, wa kuingizia mikate tanurini, uliopasuka akauleta nyumbani kuutengeneza. Aliyaponda makopo moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayetwanga, na punje zikaruka hadi kwenye nywele za watoto. Nilifanikiwa kuficha mawili nyuma ya pipa la maji. Lile la kijani limepona. Mheshimiwa ana alama shingoni, ya kuanguka.

Usimfikirie vibaya, dada. Mtu asiyelala ni mgonjwa. Nataka michezo isiyo na sauti, basi. Nimekumbuka ule wetu wa chini ya kitanda. Tulikuwa tunaingia mimi na wewe, unaniziba mdomo kwa vidole viwili, na atakayenyamaza mpaka mwisho anapata sukari. Nimesahau sheria zake nyingine. Nikumbushe.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, na anauliza kwa nini uliandika makopo manane yamebaki mawili. Nimemwambia watoto wa siku hizi wana nguvu.

Mtoto huanguka akaumia goti. Huanguka akaumia paji la uso. Shingo anaiangukiaje? Niandikie.

Nimekutengenezea matofali ishirini ya sponji, mabaki ya makochi, nikayavika vitambaa na kuyashona mishono miwili miwili. Wajenge nyumba, wabomoe, warushiane usoni. Hata yakianguka yote kwa pamoja hutasikia kitu. Nimeyarusha kutoka darini mbele ya mama, akasema vizuri, ingawa kwa sikio lake hilo si shahidi mzuri.

Na mchezo wa tarishi. Mheshimiwa avae mkoba. Unampa karatasi, unamtajia mwenyewe, anampelekea: hii ya Kidonge, hii ya sufuria, hii ya baba. Kila karatasi lazima ifike kwa mtu. Hiyo ndiyo sheria pekee. Mtoto anayependa amri atapenda kazi hiyo.

Ule wa chini ya kitanda siukumbuki.

Dada yako

17 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo! Leo naandika kwa furaha. Matofali yamekuwa dini. Asubuhi wanajenga karakana ya shangazi, yaani wewe mama mkubwa wao, ila Mheshimiwa amekataa kukuita hivyo, anasema mkubwa ni yeye. Kidonge amechagua tofali moja, analala nalo, analitafuna pembe kama panya.

Na tarishi! Ungemwona. Anatembea kwa ncha za vidole, mkoba unamfika magotini, anainama mbele ya sufuria ananong'ona, "Barua yako, mzee." Akimaliza zangu anaokota za kwake. Risiti, karatasi ya sabuni, ganda la biskuti, chochote chenye umbo la karatasi kina mwenyewe, naye anamtafuta mpaka ampate. Juzi alimpelekea baba yake kijikaratasi cha majani ya chai alipoamka. Baba yake akakipokea, akacheka, akambeba. Nililia jikoni, dada. Siku kama hizo zipo.

Ila Kidonge hajui kucheka polepole. Jumanne alicheka, baba yao akatoka nyuma ya pazia. Lakini nilikuwa katikati, kwa hiyo ilinipata mimi. Jicho limeshafunguka sasa, naona vizuri. Sikukwambia kuhusu jicho? Basi, ni mlango.

Ule wa chini ya kitanda unaukumbuka, acha uongo. Mheshimiwa ananyamaza nikimwomba, lakini Kidonge hawezi, na ninahitaji awe anaweza. Tafadhali.

Mdogo wako

29 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama yuko salama. Makochi yapo. Sina habari nyingine na sina utani leo.

Nimetuma matofali mengine sita. Lile jekundu ni lako wewe, si la watoto. Usiwape hata kulishika. Ulichane mshono wa chini ukiwa peke yako, mumeo akiwa kazini. Nimeshona humo tiketi tatu za basi na barua yenye mambo ambayo siyaandiki hapa. Soma, kisha choma.

Matofali yameondoka na basi leo hii. Barua hii naipeleka posta.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika mara mbili, juu ya kiwiko na chini yake. Naandikia kwa mwalimu, siku ya kubadilisha bandeji.

Matofali yako yalifika tarehe thelathini Aprili. Barua yako ilifika tarehe tisa Mei. Uliyapeleka kwa njia mbili, dada, na ya basi ni ya siku moja.

Kwa siku nane sikujua kitu. Kidonge aliliacha lile la zamani akalipenda jekundu. Alilitafuna pembe ile ile anayotafuna siku zote. Mishono yako ni mizuri lakini meno ni kumi sasa. Nilikuwa uani naanua nguo. Karatasi ikatokeza, Mheshimiwa akaiona. Na sheria ni moja: kila karatasi ifike kwa mtu. Akavaa mkoba. Baba yake ndio kwanza ameamka, ameketi ukingoni mwa kitanda anatafuta viatu.

Nilifika mlangoni nikasikia, "Barua yako, mzee."

Aliisoma yote. Unajua ulichoandika humo. Alikusoma kwa sauti, dada, na ule mstari unaomwita mnyama aliusoma mara mbili. Kisha akazichana tiketi, akachukua ubao wa mikate. Ulivunjikia mkononi kwangu kwa pigo la tatu. Baada ya hapo alitumia mpini. Nilihesabu hadi kumi na moja, nikachoka. Mheshimiwa alisimama pale pale muda wote na mkoba wake, ananyoosha mkono, anangoja arudishiwe karatasi, maana ndivyo nilivyomfundisha, tarishi haondoki bila kusainiwa.

Sasa baba yao ameniambia nikitoka nje ya mji atawatafuta watoto kwanza, mimi baadaye. Namwamini.

Usilie. Nitumie ule mchezo.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Barua yako niliisomea karakanani nikakata kitambaa cha mteja vipande bila kujua.

Kosa ni langu. Nilijifanya mjanja. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto yule kupeleka karatasi, kisha nikaweka karatasi mahali anapoweza kuifikia. Mkono wako nimeuvunja mimi na mumeo kwa pamoja, na sitakuomba unisamehe kwa maandishi.

Kuhusu ule mchezo. Hakukuwa na mchezo. Ulikuwa na miaka mitatu, mimi kumi. Nilikuwa nasikia viatu vya marehemu baba kwenye kokoto, nakuburuta chini ya kitanda, na sukari nilikuwa naiiba ili ukae kimya wakati anampiga mama. Nilidhani tukinyamaza itaisha haraka. Sikio la mama liliharibika siku moja ya wewe kushinda sukari. Tulinyamaza vizuri sana siku ile. Majirani walikuwa wanaanika nguo hatua kumi kutoka dirishani, nao baadaye walisema hawakusikia kitu, na kweli hawakusikia.

Ndiyo maana sikukumbuka. Nilijua unachouliza tangu Machi, nami nikakutumia sponji. Nimekuwa nakusaidia kuificha nyumba yako.

Basi, nisikilize. Sikutumii tena kitu kisicho na sauti. Una makopo mawili nyuma ya pipa. Una masufuria. Akinyanyua mkono, pigeni kelele, wewe na watoto, pigeni mpaka mtaa mzima uje dirishani. Mwalimu mwambie ukweli wote, sio wa mlango. Mimi natafuta usafiri.

Dada yako

14 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa rumande, chumba cha wanawake, tuko kumi na wanne. Askari wa hapa anasoma barua kabla hazijatoka, kwa hiyo shikamoo na yeye.

Najua ulifika ukawakuta watoto kwa mwalimu, ukaambiwa umechelewa siku mbili. Hukuchelewa, dada. Mimi niliwahi. Mwalimu amekusimulia alichokiona dirishani. Mimi nikusimulie cha ndani.

Ilikuwa saa tano. Kidonge alikuwa analia jino. Nilimpa kijiko baridi, nilimpa matofali, nilimweka mgongoni, akalia tu. Pazia likafunguka. Baba yake alimnyanyua kwa mkono mmoja, mkono wa mtoto, kama unavyonyanyua kuku wa kuchinja. Nikakumbuka maneno yako. Nikamwambia Mheshimiwa, "Piga! Piga kopo!" Nilishalitoa siku nyingi, lilikuwa miguuni pake. Dada, hakupiga. Alijiziba mdomo kwa vidole viwili. Vidole viwili, kama wewe kwangu. Sikumbuki kumfundisha hivyo.

Nikapiga mimi. Sufuria kwa mfuniko, kwa mkono mmoja wa kushoto, kisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Sikujua nina sauti ile. Alimwachia Kidonge chini akanigeukia na mpini wa ule ubao, akanipiga mgongoni, akanipiga kwenye bandeji, na mimi bado napiga kelele, na vichwa vikaanza kutokea dirishani. Mwalimu alipiga ukelele, "Mwache!" Baba yao akaona watu. Nilidhani ataona haya. Akamwinamia Kidonge tena.

Pasi ilikuwa mezani, baridi. Nilimpiga nayo taya. Akapiga magoti. Nikampiga tena.

Ile ya pili haikuwa ya lazima. Nimewaambia polisi hivyo hivyo, na wakili aliyekuja hapa amejishika kichwa, anasema ningenyamaza. Nimemwambia nimenyamaza miaka minne. Baba yao yuko hospitali, taya limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Kesi itasikilizwa tarehe kumi na saba Agosti. Naweza kutoka siku ile, naweza kukaa miaka. Hilo siogopi sana. Naogopa Kidonge atanisahau, na Mheshimiwa atanikumbuka nikiwa na pasi mkononi.

Wanacheza nini? Niandikie wanacheza nini.

Mdogo wako

30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amekaa na Kidonge upande wa kulia, hapo hapo tangu walipofika, na hataki mtu mwingine amlishe. Bega la mtoto lilikuwa limeteguka, limerudi, anarusha vitu tena. Haya ndiyo mazuri.

Uliuliza wanacheza nini, na mimi sidanganyi tena. Hawachezi. Humu ndani kuna nyundo, kuna cherehani, kuna mimi ninayeimba vibaya, nao wanatembea kwa ncha za vidole. Mheshimiwa akidondosha kitu hutazama mlango, kisha hukiokota na kukipapasa kama anakiomba radhi. Hajatoa amri hata moja. Nilimpa karatasi akaweka mikono nyuma. Nilimpa mkoba akaufukia chini ya mabaki ya sponji. Jana ameniuliza kwa kunong'ona, "Mama amevunjika kwa sababu ya barua?"

Mimi, bingwa wa michezo, nimeishiwa michezo. Sasa zamu yangu ya kuomba. Wewe unawajua. Nitumie mchezo wa kuwafundisha kelele.

Dada yako

18 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Wameniachia. Mwalimu alisimama mbele ya hakimu akaeleza kila kitu, na majirani wanne nyuma yake, mmoja akiwa bado na mapovu ya sabuni mikononi. Daktari alileta picha za mkono wangu. Hakimu aliniuliza kuhusu ile ya pili. Nikamjibu, "Ndiyo, nilimpiga." Akaandika kwa muda mrefu sana. Kisha akasema niende nyumbani, nisionekane tena pale. Baba yao anapandishwa kizimbani mwezi ujao, na nitarudi kusema, kwa sauti.

Nasafiri Ijumaa. Lakini Mheshimiwa asingoje Ijumaa, ndiyo maana barua hii naituma kwa basi. Mwambie leo hivi: mama anasema tarishi hakukosea. Barua ilikuwa ya mama, aliyeipokea ndiye mwenye kosa. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze kitu.

Mchezo wa kelele sina, dada. Mimi na wewe hatukuwahi kufundishwa. Mpe tu lile kopo la kijani, mwalimu amelitia kwenye furushi la nguo zao. Usimwambie alipige. Liweke mbele yake, kisha wewe endelea na kazi yako. Nikishuka kwenye basi Ijumaa, nataka niisikie nyumba yako kabla sijaiona.

Mdogo wako

20 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii imekuja na basi lile lile linalokuleta. Nimejifunza. Dereva atakupa ukishakaa, uisome njiani.

Nilimwambia Mheshimiwa maneno yako, bila kuongeza. Alinisikiliza, akaniuliza, "Mama kasema?" Nikasema kasema. Akaenda kwenye mabaki ya sponji, akafukua, akaurudia mkoba wake. Hii uliyoishika anaipeleka yeye kituoni leo asubuhi, atamkabidhi dereva mwenyewe, na ameapa haondoki mpaka dereva asaini kwenye kiganja chake.

Jana mchana niliweka kopo la kijani sakafuni nikaenda kupigilia kochi. Mama alikuwa amesinzia, Kidonge pembeni yake. Nilimwona Mheshimiwa kwa pembe ya jicho. Alilizunguka kopo. Akaligusa kwa kidole cha mguu. Mwisho akalinyanyua kwa mikono miwili, akalipiga sakafuni, mara moja, kwa nguvu zake zote.

Akageuka kutazama mlango. Mimi nikaacha nyundo. Kidonge akaacha kutafuna. Tukautazama mlango wote watatu, mimi mtu mzima na miaka yangu arobaini.

Hakuna aliyetoka.

Akapiga tena.